Bibi Shamba na Kosa Lisilostaafu

Mwaka aliozaliwa, wazazi wake, shule alizosoma na vituo vyote alivyofanyia kazi vilisomwa msibani na mwanawe mkubwa, kutoka kwenye karatasi tatu zilizochapwa vizuri. Sitavirudia. Karatasi zenyewe zilitoka kwenye mashine yangu ya fotokopi, ila sikuzisoma, kwa sababu asubuhi ile duka lilijaa madereva wa malori wanaotaka nakala za nyaraka za mpakani, na mimi nilikuwa natoa nakala huku nalia.

Nilizisikia pamoja na wengine, nimekaa mkekani chini ya turubai. Zilikwenda vizuri hadi karatasi ya pili. Hapo mwanawe akasoma kwamba marehemu atakumbukwa kwa kuwafundisha wachimbaji wa chikanda, viazi vya okidi za mlimani, wa Ileje njia bora ya kuvuna, yaani kurudisha mama ardhini na kuchukua mtoto, na kwamba kwa njia hiyo aliiokoa milima yetu. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mchungaji akasema amina. Nilimtazama mama yangu, naye alikuwa anatazama mkeka.

Nasema hapa nilichoshindwa kukisema pale: si kweli. Najua watoto wake hawakukusudia ubaya, walitaka kumpamba mama yao, na kila mtu hupambwa siku hiyo. Lakini jambo walilolisoma kama sifa ndilo aliloligombania kwa miaka yake yote ya mwisho, akitaka lifutwe. Angekuwa na uwezo angeinuka pale pale akamnyang'anya kijana karatasi. Wasifu ule, kwa alama zake mwenyewe, ungepata mbili.

Tulimwita Bibi Shamba, kama wanavyoitwa maofisa ugani wanawake, na alipostaafu jina halikumtoka. Alikuwa jirani yetu Tunduma kwa miaka kumi na tisa, nyumba yake na yetu zikitenganishwa na ua wa mabati. Na alikuwa na tabia moja iliyonichosha sana: alitoa alama. Kazini alizoea kupita shamba kwa shamba akiwa na daftari, kila shamba akilipatia alama zake kwa kumi, na alipostaafu daftari alilirudisha ofisini lakini alama aliondoka nazo. Chai yangu ilipata nne tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Mahubiri ya Jumapili yalipata tano, "na tatu kati ya hizo ni za sauti." Harusi ya mdogo wangu ilianza na saba, wali ulipochelewa ikashuka hadi sita. Pale mtaani hakuna aliyewahi kumsikia akivuka nane, na hiyo nane yenyewe alimpa fundi aliyemjengea choo.

Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuita watu walioko ng'ambo ya bonde, na alitembea haraka mpaka miguu ilipomkataa. Alivaa gauni la kitenge na juu yake koti la mvua la kazini, hata kiangazi. Akiingia dukani kwangu hakupanga foleni. Madereva wa Kizambia walimpisha wakisema "mukwai, mukwai," neno lao la heshima, naye aliwaitikia kwa Kibemba chake kibovu kisha akanigeukia mimi na Kiswahili chake chenye Kindali ndani yake, kila neno likipandishwa mwishoni kama anakuuliza.

Kilichomtambulisha mtaani ni okidi. Alikuwa nazo za aina mbili, na aina hizo mbili hazikulelewa kwa namna moja.

Za kwanza ni zile zinazoota juu ya miti. Wachoma mkaa wakiangusha mti porini, okidi zinaanguka nao na kuungua nao. Yeye alikuwa amepatana kwa mdomo na wachoma mkaa wawili wa Mbangala kwamba tawi lolote lenye okidi hai lisiingie tanuruni, lije kwake juu ya magunia. Hakuzipanda kwenye udongo. "Udongo unaiziba pua," alisema. Alizifunga kwenye magogo kwa soksi kuukuu zilizochanwa, au aliziweka kwenye vyungu alivyovitoboa mwenyewe kwa msumari na kuvijaza vipande vya mkaa na maganda ya miti. Mizizi ikining'inia nje alifurahi. Ikiwa na rangi ya majivu ina kiu, ikiwa ya kijani imeshiba, usiiguse. Aliwaambia hivyo watu wote, na watu wote walikwenda nyumbani wakamwagilia zote kila siku.

Walikuja kumuuliza kwa nini za kwao hazichanui. Swali lake lilikuwa moja.

"Jani lina rangi gani?"

"Kijani kizuri, Bibi. Kizito."

"Basi hiyo imeridhika, haichanui. Umeificha sebuleni. Itoe nje, ipate jua la asubuhi mpaka saa nne. Jani likianza kuwa la rangi ya limau changa, hapo mnaelewana. Na mwezi wa sita na wa saba usiionee huruma. Iache na baridi."

Mke wa mchungaji aliletewa okidi nyeupe kutoka Lusaka, ya kufungashwa, yenye utepe. Akaihamishia kwenye udongo wenye samadi, akawa anaimwagilia asubuhi na jioni, tena anaiombea. Maua yalipoanguka na majani kulegea aliileta kwa Bibi Shamba akiwa ameibeba mikono miwili. Bibi Shamba aliing'oa, akaonyesha mizizi iliyokuwa myeusi na telezi.

"Mama mchungaji, umeizamisha."

"Jamani, mimi nilikuwa naipenda."

"Ndicho nilichosema."

Aliikata mizizi yote mibovu kwa wembe, akaiacha wiki nzima bila tone la maji, mama mchungaji akipita uani kuichungulia kama mgonjwa wa hospitali. Kisha akaifunga kwenye gogo. Wakati wa baridi ya mwaka uliofuata okidi ilitoa shina, na shina likatoa maua saba. Mama mchungaji alipewa alama mbili, moja ikiwa ya maombi.

Hakupenda kusikia kwamba mimea inasikia mtu akizungumza nayo. "Haina masikio. Inajua jua, maji na hewa, basi." Lakini ukuta wetu ulikuwa wa mabati, na mimi nimemsikia kwa masikio yangu akiitukana okidi moja iliyokaa miaka minne bila ua, matusi mazito, ya kumtaja hadi mjomba wake.

Aina ya pili ndiyo iliyomfikisha kwenye kosa lake. Hizo ni okidi za ardhini, za kwenye mabonde ya majimaji ya milimani, na viazi vyake ndivyo chikanda. Kwa asiyeijua, viazi hivyo vinachimbwa, vinakaushwa, vinatwangwa kwenye kinu, kisha vinapikwa na unga wa karanga, pilipili na magadi mpaka vinaganda kama mkate wa kahawia unaokatwa vipande. Wenzetu wa Zambia wanaila kwenye harusi na njiani, na hapa Tunduma wapo waliojenga nyumba kwa kuivusha. Mama yangu ni mmoja wao. Ada yangu ya shule, sare yangu na mashine yangu ya kwanza ya fotokopi vilitoka kwenye chikanda, na sioni sababu ya kuficha.

Bibi Shamba naye aliipenda chikanda kuliko nyama. Ungemkuta amekaa kati ya okidi zake anazozibembeleza zitoe ua, mkononi ana kipande cha okidi nyingine anakitafuna. Nilimwambia siku moja kwamba haoni aibu. Akasema, "Mfuga kuku anakula kuku," akaendelea kutafuna.

Sasa, ukiing'oa okidi ya mlimani utakuta viazi viwili vimeshikana chini ya shina. Kimoja kimenywea na kukunjamana ngozi. Kingine ni kigumu, cheupe, kimejaa. Wachimbaji wa Ileje tangu zamani walikiita cha kwanza mama na cha pili mtoto. Mtoto ndiye anayeuzika. Mama hana kitu, ukimkausha anabaki ganda.

Alipokuwa bado kazini, kijana, mwenye daftari lake jipya, Bibi Shamba aliitisha mikutano kwenye vijiji vya juu ya Itumba. Aliona watu wanang'oa na kumtupa mama, akataka waache kitu ardhini. Akawaambia wanapochimba wachukue mtoto na wamrudishe mama shimoni, wamfukie na kumkandamiza kwa kisigino. Aliwauliza: mfugaji anauza nini, ng'ombe au ndama? Watu wakasema ndama. Basi, akasema, mama akibaki atazaa tena. Ilieleweka mara moja, maana huko kila mtu ana ng'ombe au ana ndugu mwenye ng'ombe. Mama yangu alikuwa kwenye mkutano mmojawapo, msichana wa miaka kumi na mitano mwenye ndoo yake. Alimrudisha mama tangu siku hiyo, na alipohamia Tunduma kufanya biashara alikataa kununua kwa mchimbaji asiyemrudisha. Mimi mwenyewe nilifundishwa kile kisigino nikiwa mdogo, likizo kwa bibi yangu. Kilitupa raha fulani moyoni, kwamba sisi si waharibifu.

Miaka ikapita, chikanda ikaanza kuadimika. Mnunuzi mmoja wa kutoka Nakonde, mwanamke mwenye maneno, alikuja sokoni akainua gunia la mama yangu kwa mkono mmoja.

"Mayo, siku hizi mnaleta panono, kidogo tu, mukwai. Mlima wenu umezeeka?"

Mama akamjibu kwamba mlima hauna shida, sisi tunamrudisha mama, labda mvua ndiyo mbaya. Jioni alimsimulia Bibi Shamba pale uani. Bibi Shamba alikasirika. Alisema watu wa mlimani wamekuwa wavivu, hawamfukii mama vizuri, na yeye ataonyesha. Akachukua beseni mbili za plastiki, akazitoboa chini, akazijaza udongo ulioletwa kutoka mlimani kwenyewe, kwa sababu okidi hizi zinaukataa udongo wa mahali pengine. Katika beseni ya kushoto alipanda mama kumi. Katika ya kulia alipanda watoto kumi, ili tuone, alisema, jinsi mtoto asiye na mama anavyokufa.

Okidi hizi kiangazi zinalala. Majani yakishakuwa ya njano unaacha kumwagilia kabisa, udongo unakauka mpaka unapasuka, na unasubiri mvua za mwezi wa kumi na mbili. Mwaka ule wa kwanza alisafiri wiki tatu mwezi wa tisa, akaniachia beseni na agizo la maneno mawili: usimwagilie. Nilizitazama siku nne. Siku ya tano moyo ulinishinda, nikazipa maji kidogo, na kesho yake tena. Aliporudi aliingiza kidole kwenye udongo, akanitazama. Zote zilikuwa zimeoza, kushoto na kulia. Nilipewa sifuri, na kwa mwezi mzima aliniita Mama Mchungaji.

Mwaka wa pili alirudia. Mvua zilipoanza, beseni ya kulia ilitoa majani kumi. Ya kushoto haikutoa hata moja. Alisema mbuzi wa jirani ameingia. Nilimuuliza ni mbuzi gani anayekula beseni moja na kuiacha iliyo karibu yake.

Mwaka wa tatu alipanda upya, akaweka wavu wa kuku juu ya beseni zote mbili na hakusafiri popote. Watoto wakaota wote. Mwezi wa pili walichanua, maua ya waridi yamepangana kwenye shina kutoka chini kwenda juu, na harufu yake ilivuka ua wa mabati. Beseni ya mama ilikuwa udongo mtupu. Aliniita nije na jembe dogo. Alifukua kushoto, tukakuta maganda matupu, ukiyashika yanasagika vidoleni. Kisha akafukua okidi moja ya kulia, iliyochanua. Chini yake kulikuwa na viazi viwili: yule mtoto aliyempanda, sasa amenywea na kukunjamana, na pembeni yake mtoto mwingine mpya, mweupe.

Alikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya uani, miguu imenyooka mbele. Sikuwahi kumwona amekaa hivyo.

"Mama hana kazi tena," alisema. "Ameshamlisha mtoto, amekwisha. Mtoto ndiye wa mwakani." Akasaga ganda moja vidoleni. "Nilifikiria ng'ombe. Nilitakiwa nifikirie mgomba."

Kila mtu wa Ileje anajua kwamba mgomba ukishazaa unaukata, na kinachobaki shambani ni machipukizi. Hata mtoto wa shule anajua. Yeye alikuwa amewafundisha watu wa vijiji vizima kung'oa machipukizi na kupanda kisiki, na walimtii. Siku hiyo aliacha kula chikanda. Hakuapa wala kutangaza, ila kipande nilichompelekea jioni kilirudi na sahani.

Hapa ndipo watu wengi wangenyamaza, na ninasema hivyo bila kumlaumu mtu. Alikuwa na miaka sitini na kitu, ana pensheni yake, ana heshima, na kosa lenyewe hakuna aliyelijua isipokuwa mimi na beseni mbili. Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa dukani kwangu akiwa amelivaa koti lake, ameshika karatasi aliyoiandika kwa mkono. Niliichapa kama ilivyo, na nakala moja ninayo mpaka leo:

NILIKOSEA. Mimi niliyekuwa Bibi Shamba wenu niliwaambia mrudishe mama, mchukue mtoto. Mama mnayemrudisha ameshamaliza kazi, anaoza. Mtoto ndiye mmea wa mwakani. Nilifikiria ng'ombe, nilitakiwa nifikirie mgomba. Ukikuta watoto wawili, chukua mmoja. Ukikuta mmoja, fukia, ondoka. Vifuko vya mbegu vikikauka, vikung'ute pale pale ulipochimba. Msiwalaumu wazazi wenu, walinisikiliza mimi. Kosa ni langu.

Nilimshauri tuondoe lile neno la kwanza. Nikamwambia tungeweza kuandika kwamba utafiti mpya umeonyesha.

"Utafiti upi? Ni beseni mbili."

"Bibi, watu watakudharau."

"Wakinidharau watasoma mpaka mwisho."

Nikamuuliza, kwa utani, kipeperushi kinapata alama ngapi. Alikisoma tena kwa miwani yake iliyofungwa uzi. "Kipeperushi saba," alisema. "Mwandishi sifuri."

Aliyeumizwa wa kwanza alikuwa mama yangu. Bibi Shamba hakusubiri mama asikie mtaani, alikuja mwenyewe jioni na kipeperushi mkononi, akamsomea. Mama alikuwa anatwanga. Aliacha mchi kinuni.

"Kwa hiyo unaniambia nimesomesha watoto wangu kwa kuumaliza mlima wa kwetu?"

"Ndiyo, mwenzangu. Mimi na wewe."

"Mimi? Mimi nilifanya ulichosema! Nilikandamiza na kisigino kama ulivyosema!"

"Ndiyo maana naanza na mimi."

Mama alimwambia aondoke. Ukuta wa mabati haukuwahi kuwa mrefu kama miaka iliyofuata. Walisalimiana njiani kwa sababu ya adabu, shikamoo na marahaba, basi. Mama aliacha biashara ya chikanda akaanza kuuza mitumba, na mtu akimuuliza sababu anasema magoti. Kinu akakigeuza kuwa cha kuwekea ndoo. Mimi nilibaki katikati, nampikia mmoja na kumtolea mwingine nakala.

Bibi Shamba alizibeba nakala zile kwa mabasi madogo mpaka Itumba, na kutoka Itumba kwa bodaboda na kwa miguu. Kanisa moja lilimpa dakika tatu wakati wa matangazo. Alisimama akasema nilikosea, kwa sauti ile ile aliyofundishia, na watu wakacheka wakidhani ni mfano utakaofuatiwa na sadaka. Kijiji kingine walimwambia wazi kwamba amelipwa na watu wanaotaka kuuchukua mlima. Mzee mmoja alimrudishia karatasi. "Wewe ulipokuwa kijana ulikuwa na akili," alimwambia. Alinisimulia hilo akicheka, lakini alilisimulia mara nyingi mno.

Kisha akaja ofisa mmoja, kijana mwenye adabu, aliyewahi kuwa chini yake. Alimkuta uani anakung'uta vifuko vya mbegu ndani ya bahasha, mbegu zake ni vumbi tupu, ukipiga chafya zimekwisha. Mimi nilikuwa nimewaletea chai.

"Bibi, tunakuheshimu," alisema. "Lakini mtaalamu akisimama akasema alikosea, kesho wakulima wataacha hata mbolea. Watasema na hiyo mtaikana. Wewe ulistaafu salama. Kaa salama."

Bibi Shamba aliifunga bahasha kwanza.

"Mwanangu, mimi nimestaafu. Kosa langu halijastaafu. Kila mwaka mwezi wa tatu linaamka, linachukua jembe, linakwenda kazini. Wewe ndiye mwenye ofisi. Lipe wewe barua ya kustaafu, mimi nitakaa."

Kijana alikunywa chai yake ya alama nne, akaaga. Barua hakuiandika, naye Bibi Shamba hakukaa. Alikwenda mlimani kila msimu kwa miaka mitano, na kila msimu alirudi na matope mpaka magotini na bahasha tupu. Alikuwa anazikung'uta mbegu zile kwenye mabonde karibu na mashina machache yaliyobaki. Zinahitaji kitu kilichomo kwenye udongo wa wazazi wao ili ziote, alisema, na zikikubali zinachukua miaka kufika kwenye ua. Nikimuuliza ameona nini, alisema, "Majani." Hakunieleza majani ya nini. Mwaka wa sita miguu ilivimba, na daktari wa Vwawa akamkataza milima. Alimpa daktari yule tatu.

Mara ya mwisho tuliyokwenda naye ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka mmoja kabla ya msiba. Hakuniomba. Alikuja dukani na fimbo yake, akakaa kwenye benchi la wateja bila kutoa alama yoyote kwa saa nzima, nikaona bora nikodi gari. Tulipanda kwa Noah ya kukodi hadi njia ilipoishia, tukatembea kidogo kidogo mpaka kwenye bonde lile alilofanyia mkutano wake wa kwanza. Mvua ilikuwa imekatika. Nyasi zilikuwa juu ya magoti, na kati ya nyasi, huku moja, kule mbili, maua ya waridi yamesimama. Niliyahesabu nikafika kumi na moja. Hayakuujaza mlima, lakini nilikumbuka miaka ambayo pale hapakuwa na hata moja.

Kulikuwa na mwanamke mmoja anachimba, mtoto mgongoni, ndoo pembeni. Umri wake labda miaka ishirini na mitano. Alitusalimia kwa Kindali, kisha aliponiona nimevaa viatu vya mjini akahamia Kiswahili.

"Shikamoo Bibi. Mmepotea?"

"Marahaba. Tunapita tu, mwanangu." Bibi Shamba alikuwa ameshasimama kwenye ua lililokuwa karibu. Akainama kwa shida, akaingiza vidole kwenye udongo laini, akakivuta kiazi cheupe nusu. Kilikuwa kimoja. "Hiki je? Naweza kuchukua hiki, nikamrudisha mama?"

Yule mwanamke aliruka nyasi na kumpiga kofi mkononi. Si kwa nguvu, lakini kofi.

"Acha! Huoni yuko mmoja? Fukia!" Alifukia mwenyewe, haraka, kwa kiganja. "Bibi na mvi zako zote hizo bado una mambo ya mama, mama! Mama kazi yake imekwisha. Mgomba ukishazaa unabakiza nini shambani? Si mtoto? Mambo hayo kuna bibi mmoja wa serikali ndiye aliwadanganya wazee wetu, wakaumaliza mlima wote. Mtu mzima, amesoma, hajui hata mgomba!"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia ni nani huyo aliyesimama mbele yake, na huo mgomba wake ulitoka kwenye mashine ya nani. Bibi Shamba aliniminya mkono mpaka nikaumia.

"Ni kweli," alimwambia. "Aliwadanganya. Nani amekufundisha wewe?"

"Mama mkwe. Yeye aliambiwa na mwenzake wa kanisani. Huku sasa wengi tunajua." Hasira ilikuwa imemtoka, na nafikiri alianza kuona aibu kwa lile kofi. Alirudi kwenye ndoo yake, akachagua kiazi kimoja, akakifuta udongo kwa khanga. "Shika, Bibi. Huyu mama yake alikuwa na watoto wawili, mmoja nimemwacha. Kakikaushe ule. Na ukiona vifuko vimekauka, unavikung'uta hapo hapo, sawa?"

"Sawa," alisema Bibi Shamba. "Natoa vumbi lote?"

"Lote."

Tulishuka. Alikifunga kile kiazi kwenye leso yake na kukishika mapajani. Nilidhani amevunjika moyo, maana kusikia mtu akikutaja hivyo mlimani, baada ya miaka yote ile, mimi ningelia. Tulipotokea Mpemba kwenye barabara kubwa, malori yamejipanga kuelekea mpakani, ndipo alipoongea.

"Yule binti, umesikia alivyonigombeza?"

"Nimesikia, Bibi. Pole."

"Kumi."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza kumi kwa ngapi.

"Kumi kwa kumi," alisema, akitazama mbele. Alikifungua kiazi, akakitazama, akakifunga tena. "Mama yako bado anacho kile kinu?"

Nikamwambia anacho.